Mvita: mtaa ulikuwa wa IPK, kiti kikabaki cha Nassir

Mwaka 1992 chama kilichotingisha barabara za Mombasa hakikuwa hata na cheti cha usajili. Islamic Party of Kenya, IPK, kiliundwa mwanzoni mwa mwaka ule na serikali ikakataa kukisajili kwa hoja kwamba ni chama cha dini. Kukataliwa huko kukakipa nguvu zaidi. Sheikh Khalid Balala aliposhika kipaza sauti pale Mwembe Tayari, watu walijaa hadi magari yakakosa pa kupita. Mwezi wa Mei, baada ya wahubiri kadhaa kukamatwa, mji uliingia kwenye ghasia: polisi na mabomu ya machozi upande huu, vijana na mawe upande ule, maduka yamefungwa. Mtu angekaa barazani wakati huo akauliza nani atakuwa mbunge wa Mvita mwisho wa mwaka, wenzake wangemwona amelala usingizi.

Tarehe 29 Desemba kura zikapigwa. Kisauni, jirani ya Mvita ng'ambo ya daraja, ikaenda kwa Ford-Kenya, chama cha upinzani ambacho IPK, kwa kukosa tiketi yake, kilikubali kukiunga mkono. Likoni nayo ikaenda huko huko. Mvita, ambako moto wenyewe ulikuwa ukiwaka, ikabaki mikononi mwa Shariff Nassir wa KANU, chama tawala.

Matokeo haya yamezungumzwa sana kama ajabu ya mwaka mmoja, au kama wizi wa mwaka mmoja. Mimi nayaona kama ufunguo wa historia nzima ya eneo bunge hili. Tangu lipewe jina la Mvita kwa uchaguzi wa 1988, wamelikalia watu wanne tu: Shariff Nassir, Najib Balala, Abdulswamad Shariff Nassir na, tangu 2022, Mohamed Machele. Kila kiti kilipobadilisha mwenyewe, hasira za mtaa zilikuwa ama zimepoa ama hazina uhusiano na mabadiliko yale. Kilichobadilika ni nani Nairobi ana nguvu ya kutoa tiketi inayoaminika kisiwani. Mvita ina kelele nyingi za siasa, pengine kuliko eneo bunge lolote la Pwani, lakini kiti chake hufuata tiketi.

Ili hoja hii ieleweke, lazima mtu aijue ramani.

Mvita ni kisiwa chote cha Mombasa, basi. Ukivuka daraja la Nyali umetoka, ukipita Makupa umetoka, ukipanda feri ya Likoni umetoka. Ardhi yake haizidi kilomita mraba 15. Ndani yake mna wadi tano: Mji wa Kale pamoja na Makadara, Majengo, Tononoka, Tudor, na Ganjoni pamoja na Shimanzi. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 154,171. Wakati huo huo Kisauni ilikuwa na 291,930 na Likoni 250,358. Kwa hesabu ya kawaida, basi, Mvita ni ndugu mdogo. Lakini ndugu huyu mdogo ndiye anayekaa na Ngome ya Yesu, mahakama, Ikulu ya Mombasa, bunge la kaunti, gati za Kilindini na matangi ya mafuta ya Shimanzi. Kiongozi wa taifa akija Pwani kutafuta picha ya gazeti, atasimama Tononoka au Makadara au Mama Ngina, na viwanja vyote hivyo viko kisiwani. Mbunge wa Mvita ndiye mwenyeji wake, na hapo ndipo ukubwa wa kiti hiki unapoanzia.

Sasa tazama wadi zenyewe. Mji wa Kale ni nyumba za urithi na familia zinazojuana kwa vizazi. Majengo ni Waswahili wa kila asili, Wamijikenda, watu waliokuja na biashara na wasioondoka, msikiti kila baada ya hatua chache. Tudor na Tononoka zilikua pamoja na nyumba za wafanyakazi, watu wa reli, wa bandari, wa manispaa, wengi wao kutoka bara. Shimanzi ni bandari na maghala. Ganjoni ina maduka, ofisi, mahekalu na wafanyabiashara wa Kihindi ambao wengine wamekuwa kisiwani tangu kabla reli kuwekwa. Hakuna kundi linaloweza kupata kiti peke yake. Kila mgombea makini huanza na kundi lake, kisha anahangaika kutafuta la pili na la tatu.

Ugomvi wa nani ana haki ya kuhesabiwa ni mkongwe hapa kuliko Kenya yenyewe kama taifa huru. Miaka ya 1920, serikali ya kikoloni ilipowapa Waarabu kiti cha kuchaguliwa katika Baraza la Kutunga Sheria, Thenashara Taifa, yaani mataifa kumi na mawili ya Waswahili wenyeji wa Mombasa, Thalatha (matatu) na Tisa kwa jumla, walijikuta nje ya orodha. Serikali ilikuwa imegawa watu kuwa wenyeji na wasio wenyeji, na tofauti hiyo iligusa kodi, ardhi, na sasa kura. Wakaunda chama chao, wakaandika malalamiko, wakavutana na ndugu zao wa Kiarabu kwa miaka mingi mpaka wakaingizwa. Huko nyuma ndiko yalikoanza maneno ambayo hata leo hutajwa kampeni zikipamba moto: huyu ni mwenyeji, yule ni mgeni, huyu babake alitoka Hadhramaut, yule jina lake halijulikani Kibokoni, mtaa wa Mji wa Kale.

Upande wa magharibi wa kisiwa kulikuwa na siasa nyingine kabisa. Januari 1947 maelfu ya wafanyakazi wa bandari, reli na majumbani waligoma na kuusimamisha mji. Kutoka kwenye mgomo ule ikazaliwa African Workers' Federation, na Chege Kibachia akawa kiongozi wake hadi serikali ilipomkamata mwezi wa Agosti mwaka huo huo. Mwaka 1957, Waafrika walipochagua wawakilishi wao kwa mara ya kwanza, kiti cha Pwani kilichukuliwa na Ronald Ngala, mtu wa Kilifi ambaye aliwahi kuwa mwalimu mkuu wa shule ya Buxton, hapa hapa kisiwani. Kwa hiyo ndani ya mwendo wa nusu saa kwa miguu ulikuwa na siasa za ukoo na uraia upande wa Mji wa Kale, na siasa za mshahara na chama cha wafanyakazi upande wa Shimanzi na Tononoka. Pande hizi mbili hazikuwahi kuungana kwa jambo lolote la maana, ila kwa muda mfupi mfupi.

Halafu likaja suala la Mwambao. Ukanda wa maili kumi ulikuwa kwa sheria mali ya Sultani wa Zanzibar, ukikodiwa na Waingereza tangu 1895. Uhuru ulipokaribia, baadhi ya watu wa pwani walitaka kujitawala au kurudi Zanzibar, na Coast People's Party ikasimamia hoja hiyo. Tume ya Sir James Robertson ya 1961 ikapendekeza ukanda uunganishwe na Kenya, na Oktoba 1963 makubaliano yakatiwa saini. Waliokuwa wakidai Mwambao walishindwa, na kushindwa kwao kuliacha funzo ambalo naona liliwaingia wanasiasa wa kisiwani hadi mifupani: ukitaka kuishi katika siasa za Mombasa, usiwe na ugomvi na Nairobi.

Shariff Nassir alilijua funzo hilo kwa moyo.

Aliingia bungeni 1974, wakati ambapo Pwani ilikuwa bado inatafuta mrithi wa Ngala, aliyefariki mwishoni mwa 1972. Alikaa bungeni hadi 2002, miaka 28. Hakuwa mtu wa hotuba za kisomi. Alikuwa mtu wa tawi la chama, na tawi la KANU la Mombasa lilikuwa lake kama duka lilivyo la mwenyewe. Enzi za chama kimoja, mwenyekiti wa tawi alikuwa mlango wa karibu kila kitu ambacho mtu wa kawaida angehitaji: leseni, barua ya kazi bandarini, kibanda sokoni, kiwanja. Ukigombana naye umegombana na serikali. Msemo wake, "wapende wasipende", umebaki midomoni mwa watu hata wale waliozaliwa baada ya yeye kuondoka madarakani, na nadhani ulidumu kwa sababu ulikuwa unaeleza ukweli wa mambo yalivyokuwa. Rais Moi alikuwa na watu wa aina hii mikoani, lakini wachache walimtetea kwa sauti ya Nassir.

Uchaguzi wa 1988 ndio ulioonyesha mtambo huu ukifanya kazi bila kificho. KANU iliendesha mchujo kwa mlolongo: wapiga kura walisimama nyuma ya picha ya mgombea au wakala wake, mchana kweupe, wakahesabiwa vichwa. Aliyepata zaidi ya asilimia 70 alipita moja kwa moja bila kura ya siri. Fikiria maana yake kwenye kisiwa ambamo kila mtu anamjua mwenzake. Muuza samaki anayetegemea kibali cha manispaa anasimama nyuma ya nani? Mlolongo ulifutwa baadaye kwa kelele za nchi nzima, lakini tabia ilibaki: mchujo ndio uchaguzi, na kura ya siku ile kubwa ni kuthibitisha.

Turudi sasa 1992, maana hapa ndipo penye uzito.

Maelezo ya haraka ni kwamba KANU ilichezea uwanja. Upinzani ulilalamika hivyo nchi nzima na ulikuwa na sababu: watumishi wa serikali walifanya kazi ya chama, pesa zilimwagwa, redio ilikuwa ya upande mmoja, na vijana wengi waliofika umri hawakupata vitambulisho vya kuwawezesha kujiandikisha. Hilo la vitambulisho tu lingetosha kuinyima IPK nusu ya jeshi lake, kwa sababu jeshi lenyewe lilikuwa vijana. Lakini maelezo haya hayatoshi. Kisauni na Likoni zilikuwa chini ya serikali ile ile, na bado KANU ilishindwa huko.

Tofauti ya kwanza ni kwamba Nassir alikuwa Nassir. Kisauni na Likoni KANU ilikuwa na wagombea. Mvita ilikuwa na mwenyekiti wa tawi, mwenye daftari la miaka 18 ya fadhila. Mtu anaweza kumtukana Moi barazani asubuhi, akakumbuka jioni kwamba mwanawe aliingizwa bandarini kwa barua ya nani.

Tofauti ya pili ni mchanganyiko wa wadi. IPK ilipozungumza Mwembe Tayari, ilizungumza kwa lugha iliyowagusa Waislamu waliohisi wametupwa nje ya taifa, na malalamiko yao yalikuwa ya kweli: pasipoti zilizohojiwa, vitambulisho vilivyochelewa, ardhi ya pwani iliyokwenda kwa watu wa mbali. Lakini sauti ile ile ilipofika Tudor, Tononoka na Ganjoni, kwa Mkristo wa bara na kwa Mhindi mwenye duka, ilisikika kama tishio. Ford-Kenya ya Jaramogi Oginga Odinga ilikuwa na uwezo wa kuwavuta wafanyakazi wa bara, hasa Waluo wa bandari na reli. Ilipojifunga na IPK, baadhi ya wale waliokuwa tayari kuipigia simba, alama ya Ford-Kenya, wakaanza kusitasita, na wengine upinzani wenyewe ulikuwa umewagawa, kwa kuwa Ford-Asili na DP, vyama vingine vya upinzani, navyo vilikuwa na watu wao. Kura za kuipinga KANU zilikuwepo. Hazikuwa ndani ya debe moja.

La tatu ni jambo ambalo watu wa kisiwani hawapendi kulisema mbele ya wageni. Waislamu wenyewe hawakuwa kitu kimoja. Maneno ya miaka ya 1920 yalirudi kwa sura mpya: nani mwenyeji, nani Mwarabu, nani Mwafrika. KANU iliuona ufa huu vizuri sana. Mwaka 1993 ikaibuka United Muslims of Africa, UMA, ikidai kusema kwa niaba ya Waislamu Waafrika dhidi ya IPK, na watu wa makundi hayo mawili wakapigana mitaani. Serikali nayo ikamshambulia Khalid Balala kwa uraia wake: alipokuwa Ujerumani ikakataa kumpa pasipoti mpya kwa madai kwamba ni Myemeni, na hakurudi hadi 1997. Ninaposema kwamba kisa cha 1992 hakieleweki bila orodha za wapiga kura za enzi ya mkoloni, maana yangu ni hii. Silaha ilikuwa imehifadhiwa miaka 70, ikapigwa msasa kidogo tu.

Juu ya yote hayo kulikuwa na tiketi. IPK ilikuwa na mtaa lakini haikuwa na karatasi. Ilibidi mfuasi wake aliyemsikiliza sheikh miezi kumi na mbili aingie kwenye chumba cha kura, atafute alama ya simba, aweke tiki kwa chama cha mzee kutoka Bondo. Wengine walifanya hivyo. Wengine walibaki nyumbani.

Mwaka 1997 Nassir akashinda tena, katika mwaka ambao Likoni ilivamiwa mwezi wa Agosti, kituo cha polisi kikachomwa, na maelfu ya watu wa bara wakakimbia. Siwezi kusema mengi kuhusu uchaguzi ule wa Mvita. Mji ulikuwa umechoka na umeogopa, na watu walioogopa hawajaribu mambo mapya.

Aliyemwondoa KANU kisiwani hakutoka msikitini wala bandarini. Najib Balala alikuwa kijana wa familia ya biashara, aliyekuwa meya wa Mombasa 1998 hadi 1999 akiwa na miaka thelathini na kitu, na akajenga jina la mtu wa kusafisha mji na kuchukia upuuzi wa ofisi za manispaa. Desemba 2002 upepo wa NARC, muungano wa upinzani, ulipovuma nchi nzima, na Moi akiwa amemsimamisha Uhuru Kenyatta kuwa mrithi wake, Balala alikuwa ndani ya jahazi. Kiti kikaenda. Watu walicheza barabarani kama vile wamefanya mapinduzi, na kwa kiasi walikuwa wamefanya, ila ukitazama kwa makini Mvita ilifanya kile kile ilichokifanya kila mara: ilikwenda na tiketi iliyokuwa na nguvu nchini. Mwaka 1992 tiketi ile ilikuwa bado jogoo wa KANU. Mwaka 2002 ilikuwa NARC.

Balala aliielewa kanuni hii mpaka alipoisahau. Kwenye kura ya maoni ya katiba ya Novemba 2005 alisimama na kambi ya chungwa, iliyoipinga rasimu ya serikali, akapoteza uwaziri, akarudi kisiwani akiwa shujaa. Mwaka 2007 alikuwa mmoja wa wale watano wa Pentagon, kundi la vinara wa chama cha ODM, pamoja na Raila Odinga, na ODM ikazoa viti vyote vinne vya Mombasa. Akawa waziri wa utalii. Kisha akagombana na Raila, Machi 2012 akaondolewa kwenye baraza la mawaziri, akaanzisha chama cha Republican Congress na kuingia Jubilee, muungano wa Uhuru Kenyatta. Uchaguzi wa Machi 2013 hakutetea Mvita. Aligombea useneta wa kaunti na akashindwa na Hassan Omar Hassan. Ni mtu yule yule, mwenye jina lile lile, kazi zile zile na pesa zaidi. Alichokosa ni upande. Serikali mpya ikampa wizara ya madini, baadaye utalii tena, kwa hiyo hakulala njaa. Lakini kwa debe la Mombasa alikuwa amekwisha.

Kiti alichokiacha kikachukuliwa na Abdulswamad Shariff Nassir. Mwana wa mzee yule. Kwa tiketi ya ODM, chama cha Raila, mwana wa Jaramogi. Msomaji aliyekuwa na umri wa kutosha 1992 na asitabasamu hapa, basi hana utani. Ford-Kenya ya baba Odinga ilitumia mwaka mzima kujaribu kumng'oa baba Nassir. Miaka 21 baadaye mwana Nassir anabebwa mabegani kwa chama cha mwana Odinga, katika viwanja vile vile, na baadhi ya wanaombeba ni watoto wa vijana waliorusha mawe Majengo.

Kuna watakaosema hapo: basi ni jina. Mvita ni kiti cha ukoo, maliza. Sikubali, au nakubali nusu. Jina Nassir lilisaidia, hasa Mji wa Kale, ambako kumbukumbu ya fadhila za mzee bado ni hai na ambako watu hufuata masharifu kwa heshima. Lakini jina hilo lilikuwepo 2002 pia, na halikuokoa kitu. Jina bila tiketi lilishindwa, tiketi bila jina ikashinda, kisha mwaka 2013 vyote viwili vikakutana kwa mtu mmoja na kazi ikawa nyepesi. Na 2022, Abdulswamad alipoondoka kwenda kugombea ugavana, kiti hakikubaki ndani ya nyumba. Kilikwenda kwa Mohamed Machele, asiye Nassir wala Balala, kwa ODM.

Mfano unaonisadikisha zaidi uko upande wa pili wa daraja. Nyali ilikuwa sehemu ya Kisauni hadi mipaka ilipochorwa upya kwa uchaguzi wa 2013, Mombasa ikapata maeneo bunge sita badala ya manne. Mwaka 2017 Mohamed Ali, mwandishi wa habari za upelelezi, alilalamikia mchujo wa ODM, akatoka, akagombea bila chama. Akashinda. Mgombea huru, katikati ya ngome ya ODM, gavana akiwa Ali Hassan Joho mwenyewe! Kwa nini jambo hilo liliwezekana Nyali na halijawahi kuwezekana Mvita? Nyali ni eneo jipya. Haina tawi la chama lenye miaka hamsini, haina mzee wa mtaa ambaye babake alikuwa mzee wa mtaa, na wakazi wake wengi walihamia juzi, wakamjua mgombea kupitia televisheni kabla ya kumjua kupitia harusi na mazishi. Kisiwani mgombea huru lazima apite barazani moja moja, na kila baraza ina mtu ambaye tayari ameahidiwa na chama. Likoni nayo ilimchagua Mishi Mboko mwaka huo huo wa 2017, akaingia bungeni kwa kiti cha kawaida, si cha wanawake. Orodha ya Mvita tangu 1988 ni wanaume watupu, na sioni dalili kwamba chama chochote kimewahi kuona haya kwa hilo.

Hata ugavana wenyewe wa 2022 ulifuata njia hii. Suleiman Shahbal, aliyekuwa amegombea 2013 na 2017 akashindwa na Joho mara zote mbili, alikuwa anaitafuta tiketi ya ODM kwa nguvu zote. Mwezi wa Aprili akajitoa kumwachia Abdulswamad, baada ya mazungumzo ambayo kiongozi wa chama alikuwa na mkono ndani yake. Kampuni yake wakati huo ilikuwa ikijenga nyumba mpya Buxton, kwenye mtaa wa zamani wa manispaa ambao wapangaji wake walihamishwa kwa mabishano makubwa, na kila mtu kisiwani ana nadharia yake. Nadharia ziachwe. Uchaguzi wenyewe uliahirishwa kutoka 9 Agosti hadi 29 Agosti kwa sababu karatasi za kura za ugavana zilikuwa na makosa, na Abdulswamad akamshinda Hassan Omar, safari hii Omar akiwa UDA, chama cha William Ruto. Ni yule yule Hassan Omar aliyemshinda Balala 2013. Siasa za Mombasa zina wachezaji wachache, wanabadilishana jezi tu.

Jambo moja la 2022 halikupewa uzito unaostahili. Mombasa ilikuwa miongoni mwa kaunti zilizopiga kura kwa uchache kabisa nchini. Waliojitokeza hawakufika nusu ya walioandikishwa. Wanaoamini kwamba watu wa pwani ni wavivu wa kura wanakosea. Ikiwa mshindi amekwisha julikana mwezi wa nne, mtu ana haki ya kuuliza kwa nini apange foleni mwezi wa nane. Kijana wa Majengo aliyekua akiona Masjid Musa ikivamiwa na polisi Februari 2014, na kabla ya hapo ghasia za Agosti 2012 baada ya kuuawa kwa Sheikh Aboud Rogo, ana malalamiko ambayo hayajawahi kupata karatasi ya kura, kama vile malalamiko ya IPK hayakuipata. Vivyo hivyo kwa watu wa malori na maghala waliopoteza kazi mizigo ilipoamriwa ipande reli mpya hadi Nairobi. Walioandamana 2019 walikuwa wengi, mahakama kuu ya Mombasa ikawasikiliza Novemba 2020, lakini hakuna kiti hata kimoja kisiwani kilichotikisika kwa sababu yake.

Tukija kwenye 2027, hesabu imevurugika kwa njia ambayo sijaiona tangu 2002. Raila Odinga alifariki Oktoba 2025. Kwa karibu miaka 20 tiketi ya Mvita ilikuwa imesimama juu ya jina lake, na aliyekuwa akisuluhisha ugomvi wa nani aachie nani alikuwa yeye. Abdulswamad ni naibu kiongozi wa ODM tangu 2024, kwa hiyo sasa mwenye sauti juu ya tiketi anakaa kisiwani. Hilo linaweza kukifanya chama kiwe na nguvu zaidi Mvita kuliko kilivyokuwa. Linaweza pia kufanya ugomvi wa mchujo uwe wa nyumbani, na ugomvi wa nyumbani haumwachi mtu na heshima yake.

Pia watu wenyewe wanahama. Tangu daraja jipya la Nyali lilipofunguliwa 1980, familia za kisiwani zimekuwa zikivuka polepole: kodi zinapanda, nyumba za urithi zinagawanywa hadi chumba hakimtoshi mtu, mwana wa tatu anajenga Kisauni au Bombolulu. Sheria haimlazimishi mtu kuhamisha kura akihama nyumba, na wengi hawahamishi. Ndiyo maana siku ya uchaguzi utaona matatu za kutoka bara kaskazini zimejaa watu wanaokwenda kupiga kura Kuze na Makadara, shule walizosomea. Wanarudi jioni. Mbunge wanayemchagua hatawawekea taa ya barabarani wala kuwapa watoto wao basari kwa urahisi, kwa sababu kwa makaratasi wanaishi kwingine. Wagombea wanaijua hesabu hii. Muulize yeyote anayejipanga kwa 2027 atakodisha magari mangapi, na kutoka wapi. Atakujibu haraka kuliko ukimuuliza atafanya nini Tudor.